Kumi na Mmoja kwa Mmoja

Brno, Februari. Theluji imegeuka tope
kwenye reli za tramu, na mimi, Bohdana,
mwosha vizimba daraja la pili,
nahesabu watoto wa panya kwa ncha ya penseli.
Wekundu kama ufizi. Macho hayajafunguka.
Kumi na wawili, juu ya maranda.

Baba yao hana mkia.
Hana hata kisiki; nyuma yake pameishia tu,
kama sentensi ya mtu aliyeitwa mlangoni.
Mama yao anao, mrefu, wa kutosha.
Kwa sheria ya mtawa wa njegere
(bustani yake iko vituo vinne kutoka hapa,
watalii hupiga picha majani)
ningepata sita kwa sita, au saba kwa watano,
sarafu ikirushwa haina mjomba.

Nimepata mikia mirefu kumi na mmoja.
Mkia mfupi, mmoja.
Wiki iliyopita, kizimba jirani: tisa kwa sufuri.

Usidanganywe na urefu. Huo mkia mzuri
ndio alama ya mwizi.
Baba amebeba jeni mbili katika jozi moja,
na moja, kabla ya safari,
huwatilia sumu wote walio njiani,
kisha hulamba dawa aliyoificha peke yake.
Mbegu za wenzake huzunguka, huzunguka,
walevi waliosahau nyumba ina mlango upande gani.
Yeye hufika. Hufika karibu kila mara.
Wanasema kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kimo ndani ya uzi
uliotumika kushonea nguo.

“Haina nia,” Daktari Kopřiva huniambia,
akifuta miwani kwa ncha ya koti.
“Haijui hata kwamba ipo. Usiitukane.”
Nami huitukana, kwa sauti ya chini,
ninapobadilisha maji.

Kwa sababu ninamjua Ctibor.
Kaka yangu, tumbo moja, titi moja,
aliyekaa wodini siku tisa kando ya baba
na kalamu ya mthibitishaji mfukoni.
Nyumba ya Mikulov kwake. Ghala la mvinyo kwake.
Mizabibu mistari kumi na minne, kwake.
Kwangu saa ya ukutani
na ngazi.

Lakini hebu ngoja. Panya si methali.
Panya ni gramu moja na robo ya joto
kiganjani mwangu, ikitafuta chuchu,
na sina haki ya kumvika kaka yangu.

Hata hivyo, nimeona lile lingine pia.
Mwizi akikutana na mwizi,
baba amebeba, mama amebeba,
na mtoto akarithi huku na huku:
hazaliwi.
Tumbo la mama hujaa siku chache,
kisha humnyonya taratibu, bila damu, bila kelele,
na kizimba hubaki na watoto watano
pale palipotegemewa kumi.
Jeni imeshinda mbio zote
ikaingia chumba kisicho na dirisha.
Maelfu ya miaka imeishi hivi,
haiwezi kuwamaliza panya,
haiwezi kuwaacha.

Mkia mfupi nimemrudisha wa mwisho.
Mama amemnusa, amemsukuma chini ya wenzake,
sawasawa na alivyowasukuma wale kumi na mmoja.
Yeye hana daftari.
Mimi ninalo. Nimeandika 11. Nimeandika 1.
Ile moja nimeikoleza mara mbili,
na penseli imevunjika.

Jana usiku Ctibor alipiga simu.
Miaka mitatu, na akaanza na hali ya hewa.
Paa la Mikulov linavuja, juu ya chumba cha baba,
na fundi hapatikani mpaka Aprili.
Aliuliza, akikohoa, kama bado ninayo ile ngazi.

Asubuhi nimeipima kwa futi ya maabara.
Mita tatu na nusu.
Haiingii kwenye tramu.